Ugomvi Nyuma ya Jiko la Anatolia

Anatolia binti Rwegasira hakuwa mnywaji. Aliionja pombe kwa ncha ya ulimi ili ajue kama imeiva, kisha akatema. Lakini Bweranyange nzima, kwa miaka mingi, hapakuwa na nyumba iliyosifiwa kwa amarwa, pombe ile ya ndizi, kama nyumba yake.

Alizaliwa Rugu, akaolewa Bweranyange akiwa msichana mdogo. Mtoto wake wa pekee alikufa kwa surua, na haukupita muda homa ikamchukua na mume. Ndugu wa mume wakamwachia kibanja, shamba lake la migomba, akitunze, kwa sharti kwamba asimwingize mume wa ukoo mwingine. Migomba ilikuwa mingi, mdomo wa kula ulikuwa mmoja tu. Ndipo akaanza kupika pombe. Ndizi ziliiviswa shimoni, zikatiwa ndani ya mtumbwi wa mti uliochongwa kwa kazi hiyo, wanaume wakazikanyaga pamoja na nyasi mpaka maji yake matamu yakatoka, kisha ukanyunyizwa mtama uliokaangwa na kusagwa. Mtumbwi ulifunikwa majani ya migomba ukaachwa uchachuke. Siku ya kunywa, watu walianza kufika jua likiwa bado juu, kila mmoja na mrija wake.

Masharti yake yalikuwa machache na hakuna aliyeyabishia. Mikuki, fimbo na mihoro, visu vya kukatia migomba, vilibaki nje, vimeegemezwa ukutani chini ya paa. Mtu akilewa akaanza kutukana wazazi wa watu, kibuyu chake kiliondolewa mbele yake na Anatolia mwenyewe, bila neno.

Hata hivyo watu walipigana. Ugomvi wa pombeni ulikuwa sehemu ya maisha siku hizo, na kwa kweli wengine walikwenda kuutazama kama wengine wanavyokwenda kutazama ngoma. Walipigana kwa sababu fulani kakalia kigoda cha mwenzake, au kwa sababu ng'ombe waliingia shambani, au kwa jambo ambalo babu zao waligombania kabla ya Wadachi kuja na ambalo hakuna tena aliyelijua vizuri. Kesho yake waliitwa na wazee, wakatumbukiza mirija miwili katika kibuyu kimoja, wakanywa wakitazamana, yakaisha. Kilichobaki kilikuwa wimbo. Rweyemamu, mpiga ala ya nyuzi iitwayo enanga pale kijijini, alichukua kila ugomvi akautia kwenye nyuzi zake, na baada ya wiki moja watoto wachunga mbuzi walikuwa wanajua nani aling'olewa jino na nani alikimbia akaacha shuka. Wanaume waliogopa wimbo wa Rweyemamu kuliko kipigo chenyewe.

Mwaka 1946 mdogo wake Anatolia, Apolinary, alirudi kutoka vitani. Alikuwa amekwenda na Keya, jeshi la Waingereza, mpaka Burma. Mama yao, Kyomugisha, alikuwa bado anaishi Rugu, na ilitegemewa kijana angekaa kwa mama yake. Hakuweza. Mama alikuwa akimwuliza kila asubuhi, "Huko mlikula nini? Mlilala wapi? Uliua mtu?" Apolinary akachukua blanketi lake la jeshi akaenda Bweranyange kwa dada yake, ambaye hakuuliza.

Dada huyo ndiye aliyemlea. Apolinary alipozaliwa, mama alikuwa mgonjwa muda mrefu, na Anatolia alimbeba mgongoni wakati yeye mwenyewe alikuwa bado hajaota kifua. Alimtafunia chakula. Alimfundisha kutembea katikati ya mistari ya migomba, akimshikisha shina hili hadi lile. Alipomwona amerudi mzima, mrefu, mkimya, alimtengea chumba cha mbele na hakusema chochote kuhusu namna alivyokuwa akiruka kutoka kitandani mtu akiangusha sufuria.

Apolinary alikuwa mchapakazi. Alimjengea dada yake jiko jipya nyuma ya nyumba, akapasua kuni, akalima. Pombe alikunywa kidogo. Siku za wateja alipenda kukaa jikoni, mbali na kelele.

Jambo lenyewe lilitokea Jumapili moja ya masika, mwaka 1949.

Kati ya waliokuja siku hiyo alikuwa Kakuru, mfugaji kutoka mbugani. Alikuwa mtu mrefu mwenye haya, aliyezoea kuficha meno kwa kiganja anapocheka, na ndiye aliyekuwa akimletea Anatolia maziwa na samli. Alikuwapo pia Kahigi, jirani, mkulima wa kahawa, mfupi, mwenye bidii, na mwenye ulimi uliomponza tangu utotoni. Majuma machache kabla ya hapo ng'ombe wa Kakuru walikuwa wameingia kwenye kibanja cha Kahigi wakavunja migomba michanga. Mukungu, mkuu wa kijiji, aliwasikiliza, Kakuru akakubali kosa akatoa mbuzi jike, na watu walidhani limekwisha.

Kwa Kahigi halikuwa limekwisha. Alipokwisha kunywa alianza kumsema Kakuru mbele ya watu.

"Mbuzi," alisema. "Amenipa mbuzi. Mbuzi ukimpanda ardhini ataota mgomba?"

Baadhi walicheka. Kakuru alitazama chini.

"Nyamaza, Kahigi," Anatolia akamwambia. "Shauri limeamuliwa."

"Nazungumza tu, mama. Mtu haruhusiwi kuzungumza?" Akamgeukia Kakuru. "Ninyi mtajuaje uchungu wa mgomba? Hamna kibanja. Hamna hata mahali pa kuzikana. Mnafukiana kwenye mavi ya ng'ombe."

Kakuru alikuwa amemzika binti yake mwezi uliotangulia, na kama ilivyokuwa desturi ya watu wake alimzika zizini. Kahigi alijua. Baadaye aliapa kwamba alikuwa amesahau, kwamba pombe ilimtoa akili, na huenda ni kweli.

Kakuru aliweka mrija wake chini taratibu. Kisha alimrukia.

Wakati huohuo mvua iliyokuwa ikinguruma upande wa Rwanda ikafika. Ilipiga paa la nyasi kwa kishindo, watu waliokuwa wamekaa uani wakakimbilia ndani, mlango wa mbele ukajaa. Katika msukumano ule Kakuru na Kahigi walishikana, wakaangusha kibuyu kikubwa, wakabingirika mpaka mlango wa nyuma, ukafunguka, wakatokea nje kwenye matope kati ya nyumba na jiko. Waliokuwa ndani walibanana mlangoni wakizuiana wenyewe kwa wenyewe.

Anatolia alikuwa ameshatoka kwa mlango huo muda mfupi kabla, akatie majani zaidi juu ya mtumbwi mvua isiharibu pombe iliyobaki. Kwa hiyo aliona. Alimwona Kakuru amemkalia Kahigi kifuani, mkono mmoja shingoni, mwingine umeinuliwa, umekunjwa ngumi. Alimwona Apolinary akitoka jikoni. Mkononi alikuwa na mchi wa kutwangia karanga. Uso wake haukuwa na hasira. Alionekana kama mtu anayefanya kazi aliyoifanya mara nyingi. Alipiga mara moja, nyuma ya kichwa. Kakuru aliinama mbele kama mtu anayesinzia, akamlalia Kahigi.

Apolinary aliuachia mchi. Alirudi nyuma hatua chache mpaka ukuta wa jiko ukamgusa mgongoni, akabaki pale mvua ikimpiga.

Kahigi alijikwamua kutoka chini, akikohoa, macho yamejaa matope. Akapapasa ardhini apate cha kushika, akaukuta mchi, akausimamisha akauegemea ili ainuke. Hivyo ndivyo watu walivyomkuta walipofaulu kupenya mlangoni. Kakuru amelala kifudifudi, Kahigi amesimama juu yake na mchi mkononi.

"Kahigi ameua," mtu akasema.

Kahigi alitazama mchi, akamtazama Kakuru. Alikuwa bado anayumba. "Nimemuua?" aliuliza. Akakaa chini kwenye matope. "Nimemuua," akasema.

Anatolia alifungua mdomo. Alimtazama mdogo wake pale ukutani, naye akamtazama. Kisha wanaume walimkamata Kahigi, wakamfunga kwa kamba ya ng'ombe, na sauti zikawa nyingi, na maneno ambayo Anatolia alitaka kuyasema yakapitwa na wakati. Ndivyo alivyojieleza baadaye. Hakusema kwamba aliamua kunyamaza. Alisema tu kwamba muda ulipita.

Ndugu zake Kakuru walikuja kesho yake kuchukua maiti. Hawakupiga kelele wala kutishia mtu. Walimfunga kwenye mkeka, wakamwinua. Mmoja wao alimshukuru Anatolia kwa kumfunika marehemu kwa shuka yake nzuri. Wakapanda naye kilima kuelekea mbugani.

Kahigi alipelekwa kwa mwami, mtawala wa eneo lile, akakiri. Akapelekwa Bukoba, akakiri tena. Habari zikaja kwamba atanyongwa. Hakuna aliyejua zilitoka kwa nani, lakini hakuna aliyezitilia shaka, kwa kuwa mtu aliyeua na kukubali alitegemea nini kingine?

Kabla ya kahawa kukauka, Rweyemamu alikuwa ametunga wimbo. Katika lugha ya nyumbani ulikuwa mzuri kuliko ninavyoweza kuueleza hapa. Ulisema Kahigi alitwanga, na kinu kilikuwa kichwa cha mtu. Ulienea upesi. Uliimbwa vilabuni mpaka Rugu, mpaka upande wa Kyerwa, na wanaume waliukanyagia ardhi kwa miguu kila ulipofika kwenye neno "alitwanga". Nyumbani kwa Anatolia haukuimbwa, kwa sababu Anatolia hakupika tena. Aliwaambia wateja kwamba nyumba iliyomwagika damu haifai kwa kileo. Walimwona mwanamke mwenye adabu.

Ndani, dada na mdogo wake waliishi kama watu wawili waliobeba chungu kimoja cha maji yanayochemka. Apolinary alilima tangu alfajiri. Alikula kidogo. Hawakulitaja.

Aliyeuvunja ukimya huo ni Eustadia, mkewe Kahigi.

Alikuja asubuhi moja akiwa na kikapu cha maharage, amevaa vizuri kama mtu anayekwenda kanisani. Anatolia alidhani amekuja kuomba msaada na alijiandaa kwa hilo. Lakini Eustadia alipiga magoti mlangoni.

"Dada," alisema, "nimechelewa kuja. Niliona aibu. Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi ya nini?"

"Mume wangu ameiharibu nyumba yako. Wewe ni mjane, ulikuwa unaishi kwa kazi hii. Sasa huna tena. Nimeleta haya maharage. Najua si kitu."

Anatolia alibaki amesimama. Alimwambia ainuke, Eustadia akakataa kuinuka kabla maharage hayajapokelewa.

"Watoto wanaendeleaje?" Anatolia aliuliza, kwa kukosa la kusema.

"Wanaimba ule wimbo," Eustadia alijibu. "Mdogo hajui maana yake. Nimemwambia asiimbe, akauliza kwa nini, wakati una jina la baba."

Anatolia alipokea kikapu. Eustadia alishukuru, akainuka, akaondoka kwa njia ya kibanja huku akikung'uta vumbi magotini.

Siku hiyo, wakati wa kula, Anatolia alimwambia mdogo wake.

"Nakwenda kwa mwami."

Apolinary aliendelea kula kidogo, kisha akasukuma sahani. "Kahigi mwenyewe amekiri."

"Kahigi hajui. Anaamini alichoambiwa."

"Nilidhani anamuua. Nilisikia kelele, nikatoka. Sikujua hata ni Kakuru. Kakuru nilimpenda, dada."

"Najua."

"Kama unajua, kwa nini unakwenda?"

"Kwa sababu atanyongwa kwa kosa la mkono wako."

Apolinary akasema, polepole, "Ulinibeba."

"Nilikubeba," Anatolia akasema, "na ndiyo maana nakuambia kabla sijaondoka. Nitaondoka asubuhi, na nitatembea taratibu. Uganda si mbali. Wengi wamekwenda kule na hawajaulizwa majina yao. Kuna unga kwenye kikapu na nimekutengea blanketi."

Asubuhi alipotoka, Apolinary alikuwa jikoni, ameketi mbele ya moto. Kikapu kilikuwa pale alipokiweka.

Mwami alikuwa barazani na wazee wake. Anatolia alipiga magoti, akatoa shikamoo, akaeleza bila kulia. Walimwuliza maswali mengi kwa sababu hawakumwamini. Mmoja wa wazee alisema wazi kwamba huenda Eustadia amempa kitu. Anatolia akasema, ndiyo, amenipa maharage, akaja kuniomba radhi. Mzee hakuuliza tena.

Tarishi alitumwa kumwita Apolinary. Wengi walidhani hatakuwapo. Lakini alikuja na tarishi bila kufungwa, akasimama mbele ya baraza kama askari, mikono ubavuni.

"Umesikia alichosema dada yako?" mwami akauliza.

"Sijasikia, bwana. Lakini kama amesema, basi ameshasema."

"Hilo si jibu. Ulimpiga Kakuru?"

Apolinary alimtazama dada yake. Huenda hata dakika hiyo alikuwa akimngojea abadilishe neno. Anatolia hakuyakwepa macho yake.

"Nilimpiga," Apolinary akasema.

Kesi yake ilisikilizwa Bukoba, jaji alipokuja. Anatolia alipanda lori la kahawa, akafika mjini kwa mara ya kwanza maishani mwake, akalala kwa watu asiowajua. Mahakamani mkalimani alimwuliza kama atasema kwa Kiswahili. Alikijua kiasi cha kuuzia pombe. Alisema atatumia lugha ya kwao, kwa sababu alitaka mdogo wake asikie kila neno kama lilivyo.

Aliulizwa kwa nini alinyamaza muda mrefu vile.

"Nilimlea," alisema.

Akaulizwa kwa nini basi ameacha kunyamaza.

Alifikiri. "Yule mwingine naye ana watu," akasema.

Kahigi naye aliitwa. Alikuwa amekonda hata nguo zilimwelea. Alipoulizwa nani alimpiga Kakuru, alisema ni yeye. Mkalimani akamweleza tena kwamba mtu mwingine amekubali. Kahigi alishika ukingo wa kizimba.

"Mimi nilijua ni mimi," alisema. "Nimeomba toba kwa jambo hilo. Kila siku nimeomba. Sasa nilikuwa naomba nini?"

Jaji akamwambia akae.

Apolinary alihukumiwa miaka saba kwa kuua bila kukusudia. Alipotolewa nje alipita karibu na dada yake, askari wakampa nafasi ya kusema naye. Alimwambia tu kwamba paa la jiko upande wa mashariki linavuja, atafute mtu wa kuliziba kabla ya mvua.

Anatolia alirudi akakuta habari zimemtangulia. Wengine walimsifu, lakini walimsifu kwa mbali, kama mtu anavyosifu chui. Mjane aliyemtoa ndugu yake kwa serikali angeshindwaje kumtoa jirani? Ndugu wa mume wake walikuja na mukungu wakasema wanataka kibanja chao. Hawakutaja sababu ya kweli. Walisema migomba imezeeka, inahitaji mwanamume. Hakubishana.

Alikwenda Rugu kwa mama yake. Kyomugisha alikuwa uani anaanua kahawa, na alipomwona alikwenda mlangoni akauziba kwa mwili wake mdogo.

"Mama, shikamoo."

Mama hakuitikia. "Nilizaa wawili," alisema. "Kwa nini hukuniachia hata mmoja?"

Akaingia ndani akafunga. Anatolia alikaa uani mpaka jua lilipoanza kuinama, kisha akaondoka. Hawakusemezana tena. Mama alipofariki mwaka 1953, Anatolia alikwenda mazikoni akasimama upande wa majirani, na hakuna aliyemwita asogee mbele.

Alihamia Bugomora kwa mama yake mdogo, Jovitha, mwanamke mzee aliyekuwa karibu kipofu na aliyehitaji mtu wa kumchotea maji kuliko alivyohitaji kujua habari za watu. Huko alilima kahawa na maharage. Walipomwomba awapikie pombe ya harusi alikataa.

Kuhusu Kahigi, watu hudhani aliyeokolewa kitanzini hurudi nyumbani akaishi kwa shukrani. Kahigi alirudi nyumbani na kuukuta wimbo umefika kabla yake. Watu walijua kesi ilivyokwisha, ila mdomo wa klabu hauijui mahakama. Kila alipoingia mahali pa pombe mtu alianza "alitwanga" na wengine wakapiga miguu. Kisha wakaja vijana ambao hawakuwa wamemjua kabla. Walitoka vijiji vya mbali kumtafuta mtu aliyepasua kichwa kwa pigo moja, ili waweze kusema walipigana naye. Mwanzoni aliwaeleza. Baadaye alichoka kueleza, akapigana. Katika ugomvi mmoja, ambao wote waliokuwapo walisema hakuuanza yeye, alipoteza jicho la kushoto.

Anatolia alipopata habari hiyo alitembea kutoka Bugomora mpaka kwa Rweyemamu.

"Badilisha wimbo," alimwambia. "Weka jina la mdogo wangu. Ndilo la kweli."

Rweyemamu alikuwa anakaza uzi wa enanga yake. Hakuwa mtu mbaya. Alijaribu palepale, akapiga, akaimba kwa sauti ndogo, akaacha.

"Apolinary ni jina refu," alisema. "Haliingii. Na hata likiingia, mama, mimi siuimbi tena peke yangu. Wako wengi wanaouimba ambao hawanijui. Nitawapata wapi wote?"

Mwaka uliofuata Kahigi aliwaaga watoto, akaenda Uganda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Alituma salamu mara mbili tatu kwa watu wanaorudi. Baadaye salamu zikakoma, na Eustadia akaendelea kupalilia kahawa yake kama mke wa mtu aliyesafiri.

Apolinary aliachiwa mwaka 1955, kabla miaka saba haijatimia. Alikwenda kwanza Rugu, akaona kaburi la mama, akakaa kwa binamu zake. Anatolia alimtumia ujumbe aje, hakuja. Alituma tena, hakujibiwa. Kisha siku moja ya kiangazi, akiwa anaanika maharage, alimwona mtu akipanda njia polepole, akisimama kila mara kupumua. Hakumtambua mpaka alipofika kwenye ua. Kifua kilikuwa kimekwisha. Vumbi la machimbo ya mawe ya gerezani lilikuwa limekaa ndani yake.

Alimpa maji, kisha akampikia. Walikula, Jovitha kipofu akiwa kati yao akiuliza mgeni ni nani, akiambiwa, akisahau, akiuliza tena.

Walipomaliza, Anatolia alisema, "Nilitembea taratibu siku ile. Kwa nini hukukimbia?"

Apolinary alifikiri kama mtu anayetafuta kitu mfukoni.

"Nilidhani utarudi," alisema. "Nilisema, atafika njia panda, atakumbuka, atarudi. Nikawasha moto ili ukirudi ukute joto."

"Nilisimama njia panda," Anatolia akasema.

"Muda mrefu?"

"Muda mrefu."

Apolinary aliitikia kwa kichwa. Hakusema amemsamehe, wala Anatolia hakuomba. Alikohoa, akajifuta mdomo, akauliza kama angeweza kulala pale siku mbili tatu, kwa sababu mlima umemchosha.

Alikaa hadi alipokufa, mwaka wa pili baada ya hapo, mwanzoni mwa mvua. Kwa muda huo alifanya kazi aliyoiweza: alichambua kahawa akiwa ameketi, alimwongoza Jovitha kwenda nje na kurudi. Anatolia alimzika mwenyewe pamoja na wanaume wachache wa Bugomora, ndani ya migomba. Siku ya tatu mfugaji mmoja wa makamo alifika na kibuyu cha maziwa. Alikuwa kaka yake Kakuru, yule aliyemshukuru kwa shuka. Alisema amesikia msiba. Anatolia alimkaribisha kigoda, akapokea maziwa kwa mikono miwili, wakakaa pamoja mpaka mvua iliporudi na mgeni akasema ng'ombe wako peke yao, lazima aende.